Upepo wa Matairi ya Trekta na Afya Yetu



Ukurasa huu ni wa afya. Mara nyingi tunazungumza juu ya kuchemsha maji, kuchimba choo na kulala ndani ya chandarua. Leo tutazungumza juu ya upepo wa matairi ya trekta. Usishangae. Zahanati na shamba ni majirani. Jambo linaloanzia shambani mara nyingi huishia kwenye benchi la zahanati.

Mwaka 2009 serikali yetu ya Tanzania ilitangaza Kilimo Kwanza. Baada ya hapo matrekta na pawatila vilionekana katika vijiji vingi zaidi. Hilo ni jambo jema. Mashine inapumzisha mgongo wa mkulima. Lakini mashine isiyotunzwa inaweza kuuvunja mgongo huo huo.

Wakati wa kilimo sisi wa zahanati tunapokea watu wa aina tatu kwa sababu ya trekta. Wa kwanza ni dereva mwenye maumivu ya kiuno. Wa pili ni kijana aliyeumizwa na tairi lililopasuka. Wa tatu ni mtu aliyeanguka au aliyebanwa na trekta. Upepo wa matairi unaweza kuhusika na yote matatu. Pia unahusika na dizeli unayonunua na mavuno unayopata. Kwa hiyo tujifunze pamoja.

TAIRI LINA KAZI GANI?

Zamani magurudumu ya magari yalikuwa ya mti, chuma au mpira mgumu. Yalitikisa mwili sana. Katika miaka ya 1880 Mskoti mmoja, John Boyd Dunlop, alitengeneza matairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Alikuwa akiishi Belfast, huko Ireland. Kazi yake ilikuwa kutibu mifugo. Alitaka mtoto asitikiswe njiani.

Matrekta ya zamani nayo yalikuwa na magurudumu ya chuma. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilianza kuuza matrekta yenye matairi ya upepo. Tangu hapo wakulima waliona mambo mawili. Dereva alitikisika kidogo, na trekta lilikwenda kwa wepesi zaidi.

Basi tairi la trekta lina kazi tatu. Linabeba uzito. Linashika ardhi ili trekta livute plau. Na linapunguza mtikisiko. Gari dogo lina springi za kupunguza mtikisiko. Matrekta mengi hayana springi kwenye magurudumu ya nyuma. Springi yake ni upepo ulio ndani ya tairi. Upepo usipokuwa sawa, kazi zote tatu zinaharibika.

BATA NA MBUZI KATIKA MATOPE

Mtazame mbuzi akipita katika matope. Kwato zake ni ndogo. Anazama. Sasa mtazame bata. Mguu wake ni mpana. Anapita juu ya matope bila kuzama. Tairi lenye upepo mwingi ni kama kwato la mbuzi. Tairi lenye upepo wa kiasi ni kama mguu wa bata.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme tairi moja la nyuma limebeba kilo 600. Chukua daftari lenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 15. Eneo lake ni sentimita za mraba 300. Ukijaza upepo wa kilo 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, tairi litakanyaga ardhi kwa eneo linalokaribia daftari moja. Ukipunguza upepo hadi kilo 1, tairi litakanyaga eneo linalokaribia madaftari mawili. Uzito ni ule ule, lakini umetandazwa.

Tairi linalokanyaga eneo kubwa lina faida hizi shambani:

1. Meno mengi ya tairi yanashika udongo. Trekta halitelezi ovyo.
2. Dizeli haipotei bure kwa magurudumu kuzunguka mahali pamoja.
3. Udongo wa juu haugandamizwi sana. Mizizi ya mahindi inapita, na maji ya mvua yanaingia.
4. Dereva anatikisika kidogo.

Kuna faida nyingine ya afya. Tairi gumu linachimba mifuo mirefu katika udongo mbichi. Mvua ikinyesha, mifuo hiyo inashika maji. Mbu wanaoeneza malaria wanapenda vidimbwi vidogo vyenye jua, kama nyayo za ng'ombe na mifuo ya magurudumu. Kwa joto la kwetu, yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo ukiona mifuo yenye maji karibu na nyumba, chukua jembe uisawazishe.

Usiingize trekta katika shamba lenye maji mengi, hata kama upepo ni sawa. Chukua udongo wa kiasi cha kiganja kutoka kina cha kulima. Usokote kwa vidole. Ukisokotwa ukawa kama kamba nyembamba, shamba bado ni bichi mno. Subiri. Ukivunjikavunjika, unaweza kulima.

UPEPO MWINGI NI HATARI, UPEPO KIDOGO MNO NI HATARI

Wengine wanasema, "Jaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, ndipo litabeba." Hayo si kweli. Tairi lililojazwa kupita kiasi linakanyaga kwa sehemu ya katikati tu. Linateleza, linaisha katikati, na linaweza kupasuka likigonga jiwe. Dereva naye anarushwa juu ya kiti kama mahindi kwenye ungo.

Wengine wakisikia habari ya bata wanapunguza upepo mpaka tairi linakunjika. Hilo nalo ni kosa. Ubavu wa tairi unapokunjwa mara nyingi unapata joto na kupasuka nyuzi za ndani. Tairi linaweza kuzunguka juu ya ringi yake na kuikata valvu. Barabarani trekta linayumba, na kwenye mteremko wa pembeni linaweza kupinduka kwa urahisi zaidi. Tairi la kushoto na la kulia yakitofautiana upepo, trekta linalala upande mmoja. Hiyo pia ni hatari.

Kwa hiyo upepo wa shambani si upepo wa barabarani. Shambani trekta linakwenda polepole, na upepo unaweza kuwa kidogo zaidi. Barabarani linakwenda haraka na pengine linavuta tela lenye mzigo. Upepo lazima uongezwe kabla ya kutoka.

TUTAJUAJE KIASI KINACHOFAA?

Upepo unapimwa kwa pauni kwa kila inchi moja ya mraba. Kwenye kipimo utaona herufi PSI. Vipimo vingine vinatumia ba. Pauni 14 na nusu ni sawa na ba 1.

Kiasi kinategemea aina ya tairi, uzito lililobeba na mwendo. Kwa hiyo kitabu cha trekta ndicho mwalimu wa kwanza. Tazama ukurasa wenye jedwali la matairi. Kama kitabu ni cha Kiingereza, mwombe mwalimu au bwana shamba akusaidie, kisha andika hesabu hizo kwa rangi karibu na kiti cha dereva. Zitasomwa na kila atakayeendesha.

Kwa mfano tu, matairi ya nyuma ya matrekta mengi ya kawaida yanatumia kati ya pauni 12 na 20. Matairi madogo ya mbele mara nyingi yanahitaji zaidi ya hapo. Matairi ya tela yanahitaji upepo mwingi zaidi kuliko ya trekta. Pawatila ina hesabu zake katika kitabu chake. Usichukue hesabu ya trekta la jirani bila kuangalia tairi lako.

Angalia jambo hili kwa makini. Kwenye ubavu wa matairi mengi ya trekta pameandikwa 35 PSI. Watu wengi wanadhani hicho ndicho kiasi cha kufanyia kazi. Sivyo. Mara nyingi hilo ni onyo kwa fundi. Linamwambia asizidishe pauni 35 wakati wa kukalisha tairi kwenye ringi. Baada ya tairi kukaa, upepo unapunguzwa hadi kiasi cha kazi.

HATUA ZA KUPIMA NA KUREKEBISHA

1. Pima asubuhi kabla ya kazi, tairi likiwa baridi. Tairi likipata joto, upepo unapanda. Usipunguze upepo wa tairi la moto, kwa maana likipoa litakuwa na upungufu.

2. Tumia kipimo kinachosoma upepo mdogo. Kipimo cha lori hakionyeshi vizuri tofauti kati ya pauni 12 na 16. Kupiga teke tairi si kupima. Jicho na teke havitoshi.

3. Ondoa kifuniko cha valvu. Futa vumbi. Bandika kipimo sawasawa, kisha soma.

4. Kama upepo umezidi, bonyeza sindano ya valvu kidogo kidogo. Pima tena. Kama umepungua, ongeza kidogo kidogo. Pima tena.

5. Hakikisha matairi mawili ya ekseli moja yana upepo sawa.

6. Rudisha kifuniko cha valvu. Kinazuia vumbi na upepo kuvuja.

7. Kabla ya kutoka shambani kwenda barabarani, ongeza upepo hadi kiasi cha barabara. Kama hamna pampu shambani, msipunguze upepo hadi kiasi kisichofaa barabarani. Tumieni kiasi kinachokubaliwa na kitabu kwa kazi zote mbili, na mwendo uwe wa polepole.

Baadhi ya matairi ya nyuma yametiwa maji ili trekta liwe zito. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu, ndipo upime. Ukimaliza osha kipimo kisiote kutu. Maji hayo pengine yamechanganywa na chumvi au dawa. Mtoto asiyachezee, na mtu yeyote asiyanywe.

JARIBIO LA VIGINGI

Mnaweza kujua kama trekta linateleza kupita kiasi. Piga alama ya chaki kwenye ubavu wa tairi la nyuma. Inua plau. Dereva aendeshe polepole shambani, na wewe uhesabu alama ikizunguka mara 10. Simama pembeni mbali na gurudumu. Weka kigingi mwanzo na kigingi mwisho.

Sasa dereva arudi, ateremshe plau na kulima kati ya vigingi hivyo. Hesabu tena. Kama gurudumu limezunguka mara 11 au 11 na nusu, ni vizuri. Kama limezunguka mara 13, mizunguko 3 imepotea bure katika kila 13. Hiyo ni karibu robo. Hebu fikiri: ni kama kumlipa mtu wa kulima siku nne, naye akalima siku tatu. Punguzeni upepo hadi kiasi cha shamba, au pandisheni plau kidogo, au ongezeni uzito wa nyuma kama kitabu kinavyosema.

KIUNO CHA DEREVA

Uti wa mgongo una pingili nyingi. Kati ya pingili na pingili pana kitu laini kama mto mdogo. Mtikisiko wa kila siku unachosha mito hiyo na misuli iliyoizunguka. Dereva anaanza kuamka na kiuno kigumu. Akinyamaza miaka mingi, hali inaweza kuwa mbaya.

Vidonge vya maumivu vinatuliza tu. Haviondoi chanzo. Ukiendelea kukaa juu ya matairi magumu kama jiwe, maumivu yatarudi. Ndiyo maana dereva akija na kiuno tunamwuliza juu ya upepo na kiti chake. Rekebisha upepo. Tengeneza kiti kilichovunjika. Punguza mwendo penye mashimo. Shuka utembee kidogo kila baada ya muda. Usiruke kutoka juu, shuka kwa ngazi.

Nenda kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa ukiona dalili hizi: maumivu yanayoshuka mpaka mguuni, ganzi, mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa. Usisubiri mavuno yaishe.

TAIRI LINAPOPASUKA

Upepo ulioshindiliwa una nguvu kubwa. Msimu mmoja tulimpokea kijana aliyekuwa akijaza upepo tairi la tela. Tairi hilo lilikuwa limeendeshwa bila upepo kwa mwendo mrefu. Alichuchumaa mbele ya ubavu wake bila kipimo. Tairi lilipasuka ubavuni. Mkono wake ulivunjika mahali pawili, na alikaa bila kushika jembe msimu mzima. Mke wake alilima peke yake. Ajali hiyo ilikuwa inazuilika. Shika kanuni hizi:

- Tairi lililotembea bila upepo lisijazwe mpaka fundi alifungue na kulitazama ndani.
- Unapojaza upepo, tumia mpira mrefu wenye kibanio. Simama upande wa uso wa tairi, yaani upande wa meno, usisimame mbele ya ubavu.
- Watoto na watazamaji wakae mbali.
- Ringi yenye ufa au kutu iliyokula chuma isitumiwe.
- Kamwe usichomelee ringi ikiwa na tairi, hata kama upepo umetolewa. Joto linaweza kuzalisha gesi ndani, na tairi likalipuka kama bomu.
- Usimpulizie mtu upepo wa kompresa mwilini, hata kwa mzaha. Upepo huo unaweza kupasua utumbo au kuharibu jicho, na mtu akafa.

Mtu akiumia, fanya hivi. Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Mkono au mguu ukivunjika, ufunge kwenye ubao usitikisike. Jicho likiumia, usilisugue. Lifunike bila kulibonyeza. Kama ameumia shingo au mgongo, usimketishe wala kumkunja. Mwacheni alale palepale bila kutikiswa shingo. Mpigieni mhudumu wa afya simu mara moja awaelekeze. Kama ni lazima kumsogeza, abebwe na watu kadhaa juu ya ubao, amenyooka.

TELA SI BASI

Tela likijazwa magunia 40 ya kilo 100, limebeba kilo 4,000, yaani tani 4. Hapo bado hujahesabu uzito wa tela lenyewe. Soma ubavuni mwa tairi uone uzito linaoruhusiwa kubeba. Kisha watu 10 wanapanda juu ya magunia! Tairi moja likipasuka, tela linalala, na watu wanakuwa chini ya magunia. Mtu asipande juu ya tela lenye mzigo. Asikae kwenye bampa la gurudumu wala kusimama kwenye chuma cha kuvutia tela. Mama mjamzito asipandishwe trekta kwenda kliniki. Tafuteni usafiri mwingine mapema.

Na matairi yaliyochakaa msiyatupe nyuma ya nyumba. Yanashika maji ya mvua, na mbu wanaoeneza homa ya dengi wanazaliana humo. Yatoboeni au myaweke penye paa.

YA KUFANYA WIKI HII

Ndugu zangu, kipimo cha upepo ni kitu kidogo. Bei yake haifiki hata karibu na bei ya tairi moja, na mkono wa mtu hauna bei. Kama trekta ni la kikundi, nunueni kipimo kimoja cha kikundi. Chagueni mtu mmoja wa kukitunza. Awe na daftari. Kila asubuhi ya kazi aandike tarehe, upepo wa kila tairi, na jina la dereva. Hiyo ni kazi nzuri kwa mwenzetu aliyehitimu darasa la kusoma na kuandika.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Trekta la kijiji chetu lilipimwa upepo lini mara ya mwisho? Nani alipima?
2. Kwa nini upepo wa shambani ni tofauti na upepo wa barabarani?
3. Tairi limebeba kilo 900, na upepo ni kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Litakanyaga eneo la madaftari mangapi?
4. Mtu anayejaza upepo asimame wapi? Kwa nini?
5. Ni nani kijijini mwetu anayelalamika kiuno kwa sababu ya trekta? Tutamsaidiaje?

Asubuhi, kabla ya kuwasha trekta, pima upepo.